Gamba Ufukweni, Mnyama Kilindini



Mnyama ninayetaka kumzungumzia jioni hii ni mdogo. Mwili wake, ukiacha minyiri, hauzidi sentimita 4.5. Yumo katika ukoo wa pweza, ngisi na dome, lakini ana kitu kinachomtenga na jamaa zake hao. Ndani ya mwili wake, upande wa nyuma, limefichika gamba jeupe lililojikunja mfano wa pembe ya kondoo dume. Wanasayansi humwita Spirula spirula. Mimi nitamwita spirula.

Gamba lake linajulikana na kila mtu aliyewahi kutembea ufukweni akiangalia chini. Mwenyewe hajulikani na karibu mtu yeyote. Kwa zaidi ya miaka 250 wataalamu wa dunia walikuwa na magamba yake makabatini, wakayapima, wakayachora, wakayakata na kuyatazama kwa darubini, na bado hawakujua jambo la msingi kabisa: anapokuwa kwao kilindini, kichwa chake kiko juu au kiko chini? Walilijua mwaka 2020 tu, baada ya kumfuata huko anakoishi. Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Kitu cha bahari hakijulikani kwa mabaki yake peke yake, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na ujuzi wote tulioachiwa na wazee wetu, bahari yetu bado tunaijua kwa ukingo wake.

Gamba tunalolikanyaga

Maji ya bamvua yanapokupwa huacha mstari mrefu mchangani: mwani, vifuu, matawi ya mikoko na, siku hizi, plastiki nyingi. Humo ndimo linamookotwa gamba la spirula. Ni jeupe, jepesi, upana wake ni kama sentimita 2, na mizunguko yake haigusani. Ukilivunja utaona limegawanyika katika vyumba vidogo, kati ya 25 na 37 kwa mnyama aliyekomaa, na kila chumba kimetengwa na kingine kwa ukuta mwembamba uliopinda. Upande wa ndani wa mzunguko umepita mrija mmoja unaotoboa kuta zote hizo kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho.

Magamba haya hutupwa na mawimbi katika fukwe za bahari zote za joto: Karibi, Visiwa vya Canary, Afrika Kusini, Madagaska, Australia, na pwani yetu hii. Yapo mengi kwa sababu hayazami. Spirula akifa, nyama huoza au huliwa, lakini vyumba vya gamba hubaki vimejaa gesi. Gamba hupanda juu kutoka kilindini na kuanza safari ya kuchukuliwa na mikondo na pepo.

Kwa hiyo gamba lililookotwa Bagamoyo au Malindi halithibitishi kwamba mwenye gamba aliishi mbele ya Bagamoyo au Malindi. Mkondo mkubwa wa ikweta ya kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hadi magharibi, hugonga Madagaska na bara la Afrika, kisha tawi lake moja hupanda kaskazini likiambaa pwani ya Tanzania na Kenya. Wakati wa kusi tawi hilo huenda kwa nguvu zaidi. Gamba linaweza kuwa limetoka karibu, na linaweza kuwa limetoka mbali sana. Atakayetaka kujua hana budi kutafuta ushahidi mwingine.

Vyaelea vimeundwa

Wahenga walisema tukiona vyaelea tujue vimeundwa. Sijui kitu kinachostahili msemo huo kuliko gamba hili.

Mchana spirula hukaa katika kina cha kati ya mita 550 na mita 1,000. Usiku hupanda mpaka mita 100 hadi 300 kutafuta chakula, ambacho ni vijidudu vya jamii ya kamba vielevyo majini. Sasa fikirini shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza uzito wa takriban kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Katika mita 800, kila sentimita ya mraba ya mnyama huyu hubeba kama kilo 80. Na katikati ya mwili wake laini amebeba vyumba vyenye gesi ambayo shinikizo lake ni dogo kuliko la hewa tunayovuta humu ukumbini. Gamba ambalo mtoto hulivunja kwa vidole linastahimili hali hiyo kila siku. Lilipojaribiwa katika mitambo ya kushinikiza, lilivuka kiwango cha mita 1,000 kabla ya kupasuka. Umbo lake la duara, kuta zake zilizokaribiana na mpindo wa kila ukuta husaidiana kugawa mzigo.

Vyumba hivyo hutengenezwaje? Aliyetufungulia mlango huo ni mtaalamu wa fiziolojia wa Uingereza, Eric Denton wa maabara ya Plymouth, pamoja na mwenzake John Gilpin-Brown. Walianza na dome, ambaye gamba lake la ndani ni lile jeupe lenye matabaka tunaloliokota ufukweni. Katika miaka ya 1960 wakamgeukia spirula, wakiwapata wazima katika bahari ya Visiwa vya Canary.

Walichokuta ni hiki. Chumba kipya huanza kikiwa kimejaa maji. Nyama hai iliyomo ndani ya ule mrija huvuta chumvi kutoka katika maji hayo, na maji huifuata chumvi kwa njia ya osmosi. Chumba kinapokauka, gesi kutoka mwilini hupenya polepole na kushika nafasi iliyoachwa. Gesi haisukumi maji nje. Huja nyuma yake. Ndiyo maana shinikizo lake ni dogo hata katika kilindi kikubwa. Mnyama anapokua na kuwa mzito, huongeza chumba kingine, na hivyo uzito wake majini hubaki karibu na sifuri. Hazami, hapandi, na hapotezi nguvu kwa kuogelea muda wote ili asizame.

Hesabu ya kawaida ya osmosi ilileta tatizo. Tofauti ya chumvi kati ya maji ya bahari na maji yasiyo na chumvi inaweza kushindana na shinikizo la kina cha mita 240 hivi, basi. Spirula huishi mara tatu au nne ya hapo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyama ya mrija hurundika chumvi katika mikunjo midogo sana ya kuta zake, hivyo mahali hapo chumvi huwa kali kuliko ya bahari yenyewe, na maji huvutwa dhidi ya shinikizo kubwa. Wahandisi wanaotengeneza vyombo vya kilindini wana mengi ya kujifunza kwa kiumbe huyu wa sentimita nne.

Safari ndefu ya kumtafuta

Carl Linnaeus alipolipa gamba hili jina la kisayansi mwaka 1758, aliliweka pamoja na nautilo. Kosa hilo lilikuwa la haki kwa mtu aliyekuwa na gamba tu mkononi, maana yote mawili yamejikunja na yote mawili yana vyumba. Lakini nautilo huishi katika chumba cha mwisho cha gamba lake, na gamba liko nje. Spirula amelimeza gamba lake mwilini, na limejikunja kuelekea tumboni, kinyume cha lile la nautilo. Ukiikosa nyama, huwezi kuyaona hayo.

Hata karne ya 19 ilipokuwa inaisha, wanyama kamili waliokuwa wamefika mikononi mwa wataalamu walikuwa wachache mno. Meli ya Uingereza HMS Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876 katika msafara uliozaa sayansi ya bahari ya leo, ilirudi na spirula mmoja, aliyepatikana karibu na visiwa vya Banda katika Indonesia. Taarifa juu ya mnyama huyo mmoja, iliyoandikwa na Thomas Henry Huxley na Paul Pelseneer, ilitoka mwaka 1895.

Mabadiliko yaliletwa na Mdenmark Johannes Schmidt, yule aliyetumia miaka mingi kufuatilia mazalia ya mikunga wa Ulaya. Katika msafara wa meli Dana wa 1920 hadi 1922, nyavu zake za kilindini zilileta spirula 95, baadhi wakiwa hai. Schmidt aliwaweka katika vyombo vya kioo na kuwatazama. Aliona kwamba spirula akitishwa huingiza kichwa na minyiri yote 10 ndani ya mfuko wa mwili wake. Aliona kwamba kwenye ncha ya nyuma, katikati ya mapezi mawili madogo, kuna kiungo kinachotoa mwanga wa kijani hafifu, na mwanga huo hudumu kwa saa nyingi. Na aliona kwamba mnyama huning'inia chomboni kichwa kikiwa chini, mkia wenye taa ukiwa juu.

Jambo hilo la mwisho liliingia vitabuni, na lilikuwa na mantiki. Gamba la gesi liko nyuma, kwa hiyo upande wa nyuma ni lazima uelee na kichwa kining'inie. Vizazi vya wanafunzi vilifundishwa hivyo, na michoro yote ikamwonyesha hivyo.

Kichwa juu

Wapo waliouliza swali moja bila kupata jibu. Wanyama wengi wa kilindini wana taa upande wa chini, na sababu yake inajulikana. Adui anayewinda kutoka chini hutazama juu, penye mwanga kidogo unaoshuka kutoka uso wa bahari, na huona kivuli cha mnyama. Mwanga wa mnyama ukielekea chini hukifuta kivuli hicho. Sasa ikiwa spirula hukaa kichwa chini, taa yake inaangaza juu. Inamfaa nini?

Oktoba 2020 meli ya utafiti Falkor ya Schmidt Ocean Institute ilikuwa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia. Ilikuwa imeteremsha SuBastian, chombo kisicho na mtu kinachoongozwa kutoka melini. Katika kina cha takriban mita 850, kamera ilimkuta kiumbe mdogo ametulia majini. Wataalamu wa pweza na ngisi waliotazama picha hizo walimtambua: spirula hai, kwa mara ya kwanza kuonekana kwao, bila wavu, bila chombo cha kioo. Alikuwa wima, na kichwa chake kilikuwa juu.

Taa, basi, ilikuwa chini, inapotakiwa kuwa. Swali la muda mrefu likapata jibu, na mwaka huohuo makala ya kisayansi ikatangaza kwamba lililoaminiwa kwa karibu karne nzima lilikuwa limepinduliwa juu chini.

Sipendi mtu aondoke hapa akiwalaumu akina Johannes Schmidt. Waliona walichokiona, na walikiandika kwa uaminifu. Lakini walimtazama mnyama aliyevutwa mamia ya mita kutoka baridi na giza, akatiwa katika chombo juu ya sitaha, amechoka na pengine anakaribia kufa. Namna anavyokaa kiumbe aliye katika hali hiyo si namna yake ya kuishi. Mvuvi yeyote humu ndani anajua kwamba pweza aliyetupwa ngalawani na pweza aliye pangoni mwake hawafanyi mambo yaleyale.

Maisha yaliyoandikwa katika gamba

Msinielewe kwamba gamba halina thamani. Lina thamani kubwa likiulizwa swali linaloweza kulijibu.

Gamba la spirula limejengwa kwa aragonaiti, aina ya chokaa ambayo mnyama huitengeneza kwa madini ya maji yanayomzunguka. Oksijeni iliyomo katika chokaa hiyo ni ya aina mbili kuu, nyepesi na nzito, na maji yanavyokuwa ya baridi ndivyo ile nzito inavyozidi katika gamba. Kwa kuwa vyumba hujengwa kimoja baada ya kingine, anayepima chumba kwa chumba husoma joto la maji tangu mnyama alipotoka yaini mpaka alipokufa.

Watafiti wa Austria walifanya kazi hiyo na kuichapisha mwaka 2008. Vyumba vya kwanza vilionyesha baridi kali ya kilindi kikubwa. Vilivyofuata vilionyesha maji yenye joto zaidi, na vya mwisho vilionyesha kurudi tena kwenye baridi kiasi. Maana yake spirula huzaliwa chini sana, hupanda katika ujana, kisha hushuka kidogo akikomaa. Haya yaliafikiana na nyavu, ambazo zimewanasa wachanga katika kina cha zaidi ya mita 1,000. Maisha yote hayo yanakadiriwa kuchukua mwaka mmoja na nusu hivi.

Hapo gamba lilijibu vizuri, kwa sababu liliulizwa juu ya maji lililojengwa ndani yake. Kuhusu mkao wa mwenyewe lilikuwa bubu.

Jamaa zake wa mawe

Jambo jingine linampa spirula uzito kuliko umbo lake. Yeye ndiye pekee aliyebaki hai katika oda yake nzima. Jamaa zake wa karibu tunawajua kwa visukuku tu. Katika bahari za kale, wanyama wa ukoo wa ngisi wenye magamba ya vyumba walikuwa wengi mno. Waliovuma zaidi ni amonaiti, waliotoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, na belemnaiti, waliokuwa na gamba la ndani lililonyooka.

Hawa si wageni kwetu. Katika miamba ya kipindi cha Jura iliyo karibu na Mombasa, amonaiti wamekusanywa tangu karne ya 19. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, kunakojulikana duniani kwa mifupa ya dinosaria, yapo matabaka yaliyowekwa na bahari, yenye mabaki ya amonaiti na belemnaiti. Bahari ilifika hapo, na viumbe waliojenga vyumba na kuvitoa maji waliogelea pale ambapo leo pana mashamba. Mtaalamu anayetaka kujua amonaiti walieleaje hawezi kumuuliza amonaiti. Humuuliza nautilo na spirula. Kila tunachojifunza juu ya huyu mdogo hutusaidia kusoma mawe yetu wenyewe.

Kuna hofu pia. Bahari imekuwa ikifyonza karibu robo ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa hewani, na maji yake yanazidi kuwa na tindikali. Aragonaiti ni miongoni mwa aina za chokaa zinazoyeyuka kwa urahisi katika maji ya namna hiyo. Kiumbe ambaye ukoo wake ulivuka mamilioni ya miaka anakabiliwa na mabadiliko ambayo hajawahi kuyaona yakija kwa kasi hii.

Kilindi cha mlangoni petu

Sasa nirudi nyumbani. Wengi wetu tukisema kilindi tunafikiria mahali pa mbali, lakini kati ya Pemba na bara, Mkondo wa Pemba unafika kina cha takriban mita 800. Katika sehemu nyingi za pwani yetu mwamba wa bara huishia karibu, kisha bahari hushuka ghafla. Makazi ya kina anachokaa spirula mchana yanaanza mahali ambapo mvuvi bado anaiona minazi ya kwao. Wanyama wazima wamenaswa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba kilindi chetu ni kitupu.

Tumeshapata funzo la silikanti. Samaki huyo alidhaniwa kutoweka zama za dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 wamekuwa wakiripotiwa Tanzania, wengi wakiwa wa Tanga, kwenye majarife ya wavuvi wa kawaida. Ushahidi wa wavuvi hao ndio uliozaa hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga. Hakuna meli ya kigeni iliyotangulia. Walitangulia watu wenye nyavu zao, na wakajitokeza watu waliokubali kuwasikiliza.

Kwa msingi huo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu walimu na wanafunzi. Mkiokota gamba la spirula, andikeni tarehe, jina la ufuo, na kama ni msimu wa kusi au wa kaskazi. Shule 10 za pwani zikifanya hivyo kwa miaka 5, tutakuwa na kumbukumbu ya mikondo isiyohitaji mtambo wala fedha. Pelekeni kumbukumbu hizo kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, au kwa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, iliyoko Mombasa.

La pili ni kwenu wavuvi. Kiumbe msichokijua kikiingia wavuni, hata kikiwa hakina bei, msikitupe. Kitieni barafuni, na mkumbuke mahali na kina cha wavu. Ujuzi wenu wa mahali ndio unaokipa kitu hicho maana.

La tatu ni kwa serikali zetu na vyuo vyetu. Katika utafutaji wa gesi mbele ya Lindi na Mtwara, visima vimechimbwa penye maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Kazi kama hiyo hufanywa kwa vyombo vyenye kamera, ndugu wa kile kilichomkuta spirula Australia. Mikataba ijayo iweke sharti kwamba picha za kilindi zinazopigwa katika maji yetu zitolewe kwa vyuo vyetu, zihifadhiwe, na zitazamwe na vijana wetu. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja cha mkataba na chumba cha kuhifadhia kumbukumbu.

Ndugu Mwenyekiti, spirula alipewa jina mwaka 1758 na akaonekana kwao mwaka 2020. Dunia ilisubiri miaka 262 kwa sababu ilitosheka na gamba. Sisi tusitosheke. Bahari ni yetu na kilindi chake bado hatukijui. Wajibu wa kwenda kutazama ni wetu pia.